Mwaka Niliozipa Ngoma Majina

Siku ya tatu ya matanga ya Mzee Karisa, nyumbani kwake Vitengeni, mjukuu wake mmoja wa kike alikuja kuketi karibu nami na kompyuta ndogo mapajani. Aliniambia kwamba yeye hutengeneza nyimbo, na kwamba mama yake amemweleza kuwa mimi ndiye niliyemwekea babu yake ngoma kwenye kompyuta zamani, kabla yeye hajazaliwa. Akanigeuzia kioo nione. Upande wa kushoto palikuwa na orodha ndefu, kila mstari na jina la ngoma ya kizungu. "Bibi, nataka kuyafuta haya yote niweke ya kwetu," alisema. "Nianzie wapi?" Swali lenyewe dogo, lakini lilinirudisha mbali. Mama yake, Kadzo, binti wa marehemu na rafiki yangu kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo akichambua mchunga, ile mboga chungu ya majani, kwa chakula cha wageni. Alilisikia swali, akanitazama, akaangua kicheko katikati ya msiba mpaka wazee wakageuka, ikabidi ajifunike uso kwa leso ili wadhani analia. Mimi nikamwambia yule msichana, "Anzia popote, mjukuu wangu, ila usianzie nilipoanzia mimi." Hakuelewa, na pale matangani hapakuwa mahali pa kueleza. Nimeona bora niandike.

Ya wazazi wangu na ya utoto wa Mambrui hayatuhusu hapa. Mwaka ninaousema ni 1988. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha kupiga taipu, ninaishi kwa shangazi yangu Malindi, na kazi sina. Kila asubuhi shangazi alinipa mahamri na mbaazi na kuniuliza kama leo nitapata kitu, na kila jioni aliniangalia viatu vyangu vilivyojaa vumbi akanyamaza, na kule kunyamaza kwake kuliniuma zaidi ya swali la asubuhi. Kisha nikasikia kwamba Bwana Aboud, fundi wa redio, anatafuta mtu ajuaye kupiga taipu. Bwana Aboud alikuwa mtu hodari mwenye hasira za karibu. Nyuma ya duka lake alikuwa na chumba cha kurekodia kaseti, qasida na nyimbo za harusi hasa. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai kutoka chini hadi juu, sakafuni mikeka mitatu juu kwa juu, mlangoni blanketi zito la kuzuia sauti. Feni ilikuwapo, lakini kazi ikianza huzimwa isije ikasikika kwenye kaseti, nasi tukawa tunaiva humo kama viazi. Mjerumani mmoja aliyekuwa akirudi kwao kwa haraka alikuwa amemwachia kompyuta, kinanda cha umeme na kisanduku chenye milio ya ngoma. Bwana Aboud aliweza kufungua na kufunga kitu chochote chenye waya, lakini kuandika aliandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliisindikiza kwa tusi.

"Kompyuta ndiyo nini?" shangazi aliniuliza nilipomletea habari.

"Ni taipureta yenye televisheni."

"Na humo chumbani warekodi nini?"

"Qasida," nikasema, na nyimbo za harusi nikazimeza.

"Haya. Lakini mlango usifungwe ukiwa wewe umo ndani."

Basi mlango haukufungwa. Blanketi la Bwana Aboud likafungwa pembeni kwa kamba mwaka mzima kwa ajili ya heshima yangu, na yeye akalalamika mwaka mzima kwamba baiskeli za barabarani zinaingia kwenye kaseti zake. Nashukuru hadi leo kwamba shangazi alikuwa mkali. Mlango ule ungefungwa, nisingesikia nilichokuja kukisikia.

Lazima nieleze kidogo mtambo wenyewe, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Kompyuta ile haikujua ngoma ni nini, ilijua nambari tu. Ukibonyeza kitufe cha kinanda, kile kisanduku kilitoa mlio, na kompyuta ikaweka doa kwenye mstari wa nambari ya kitufe hicho, ili ijue ni mlio gani na ulilia wakati gani. Mlio wa kwanza wa ngoma ulikuwa nambari 36, wa pili 37, ikienda hivyo kushuka kwenye kioo. Pembeni mwa kila nambari palikuwa na nafasi ya kuandika jina, herufi nane na si zaidi, ili mtu asihangaike kukumbuka nambari. Majina yale yalikuwa ya kutufaa sisi wanadamu. Mashine yenyewe haikuyasoma. Ungemwandika paka kwa jina la ng'ombe, angeendelea kulia nyau, na wewe uliyesoma jina ndiye ungekwenda kumkama.

Mzee Karisa alikuja mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimekaza. Mtu mrefu, wa umri kama wa miaka hamsini, shati jeupe lililopigwa pasi, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa leso. Alikuwa mgema. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, na kifundo cha mkono kikaunga vibaya, vidole vikabaki kujikunja kidogo tu. Lakini kugema ilikuwa nusu ya maisha yake. Nusu nyingine ilikuwa ngoma. Ndiye aliyekuwa mpigaji mkuu wa kundi la wachezaji wa Vitengeni, wanawake kumi na wawili na vijana wawili wa kumsaidia kupiga, na kila msimu wa watalii kundi hilo lilicheza katika hoteli moja kubwa ya ufuoni. Mwanzoni mwa mwezi wa sita hoteli ingechagua kundi la msimu, na kundi la Kibarani, lenye mpigaji wa mikono miwili mizima, lilikuwa limeshajipeleka. Wale vijana wawili walijua kufuata, kuongoza hawakujua. Kundi lake lilimwambia bila kumficha: tuletee ngoma tunayoweza kuicheza, kwa njia yoyote, la sivyo tutawaachia Kibarani. Kupanda mnazi hakuweza tena. Kama ngoma nayo ingemtoka, angebaki kuwa mtu wa kuketi nje akiulizwa hali.

"Nimeambiwa una mtambo unaompigia mtu asiyeweza kupiga," alimwambia Bwana Aboud.

Kweli mtambo ulikuwa na subira kuliko mwenyewe. Wewe uliweza kubonyeza kwa kidole kimoja, pigo moja moja, taratibu kama mtu anayesoma barua ya serikali, kisha wenyewe ukakutolea ngoma nzima kwa kasi uitakayo. Mkono wa kushoto wa Mzee Karisa ulitosha. Siku ya kwanza tulitafuta milio. Bwana Aboud alizungusha vifundo vya kisanduku, mzee akasikiliza kichwa kimeinama. "Hii yafanana na vumi, lakini vumi lililonyeshewa." Bwana Aboud akazungusha. "Hii ni chapuo la mtu mwenye njaa." Bwana Aboud akazungusha tena, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitukana. Hadi adhuhuri tulikuwa na milio sita aliyoikubali, na nikaiandika kwenye karatasi kwa mpangilio wake: vumi lile zito la chini, msondo, chapuo dogo linalowaita wachezaji wageuke, upatu wa shaba, kayamba, na njuga za miguuni. Mzee aliniangalia nikiandika kama anayemwangalia daktari. "Mwalimu," alisema, "wewe Mungu amekupa." Tangu hapo jina langu likawa hilo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwalimu.

Kesho yake nilifika mapema, peke yangu, nikaketi mbele ya kompyuta kuyaingiza majina. Nikafanya nilivyofundishwa tangu nilipokuwa mtoto chuoni, nikisoma Kurani: usianze kuandika kitu bila jina la Mungu. Barua ya posa, orodha ya sokoni, hata karatasi ya mtihani, mstari wa kwanza ni wa Bismillahi, na shughuli yako inaanza wa pili. Kwenye mstari wa kwanza, nambari 36, nikaandika Bismilla. Herufi nane kamili. Niliona hata nafasi yenyewe imepimwa kwa ajili yake. Wa pili nikaandika Vumi, wa tatu Msondo, wa nne Chapuo, nikashuka hivyo hadi Njuga. Nikaisoma orodha yangu, nikaipenda, nikatoka kwenda kunywa chai. Ndivyo nilivyoyasukuma majina ya ngoma zote za Mzee Karisa hatua moja chini, kila ngoma ikabeba jina la jirani yake, na vumi lenyewe likabaki halina jina ila la Mwenyezi Mungu.

Utauliza, hamkusikia? Hedifoni ilikuwa moja. Bwana Aboud hakutaka spika ilie, kwa sababu mbele dukani alikuwa akisikiliza magonjwa ya redio za watu. Kwa hiyo hedifoni alivaa Mzee Karisa na kioo nikatazama mimi. Yeye alisikia lakini hakujua kusoma, mimi nilisoma lakini sikusikia, na kila mmoja alimwamini mwenzake kabisa. Madoa yalipoanza kujaa kwenye mstari wa Bismilla, nilidhani ni mapigo ya mashine ya kujihesabia. Mstari wa Njuga ulipokaa mtupu, nikasema moyoni kwamba labda njuga atazileta mwisho. Kuingiza hakukuwa na shida, maana alibonyeza kwa sikio lake. Shida ilikuwa kwenye kurekebisha. "Mwalimu, vumi limezidi hapo wanapotembea, lipunguze." Nikaenda kwenye mstari ulioandikwa Vumi nikafuta madoa mawili, nisijue kwamba nimeukata msondo. Nikamchezea asikilize. Paji la uso wake lilijikunja kidogo, likakunjuka.

"Sawa, mzee?"

"Sawa, mwalimu. Vizuri."

"Chapuo je?"

"Ongeza moja wanapogeuka."

Nikaongeza upatu.

"Vizuri sana," akasema.

Wiki mbili tulikwenda hivyo. Nikizikumbuka leo naona haya na nacheka kwa pamoja, kwa sababu kosa lile lingeweza kudumu wiki mbili kwetu tu. Pwani mgeni hamwambii mwenyeji kwamba chai haina sukari. Ataimeza, atashukuru, na akiongezwa kikombe cha pili atakipokea kwa mikono miwili. Mzee Karisa alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, mimi mkubwa kwake kwa kusoma, na kila mmoja alishindana kumheshimu mwenzake. Saa saba tulikula pamoja kwenye mkeka wa mlangoni. Shangazi alinifungia wali wa nazi na kipande cha nguru. Kadzo, aliyekuwa wa rika langu na kiongozi wa wachezaji wa kike, alikuwa amefikia kwa ndugu yao hapo mjini pamoja na baba yake, naye alileta sima na mchunga ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso. Nilimmegea mzee samaki, yeye akanisogezea mchunga, na kila mara uchungu wake uliponikunja uso alicheka sana. "Mchunga hauna adabu, mwalimu," aliniambia siku moja. "Ndiyo maana nauamini." Nilidhani ni mzaha wa chakula tu.

Siku nne kabla ya kwenda hotelini, Bwana Aboud alitutolea kaseti ya kwanza, na Kadzo akaichukua kibarazani kuisikiliza na baba yake kwenye redio ndogo. Mimi nilibaki ndani nikisuuza vikombe. Walizungumza Kigiriama, na hawakujua kwamba nakielewa. Mtu wa Mambrui anayenunua mboga na kuni kwa Wagiriama tangu utotoni atakosaje kukielewa? Nawaandika kwa Kiswahili, lakini maneno yao ndiyo haya.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni ngoma."

"Ngoma gani? Mguu hauna pa kutua. Watu watageuka wameitwa na nani?"

Mzee aliizima redio. "Najua," akasema.

"Wajua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na umenyamaza!"

"Ningesema nini, Kadzo? Mtoto yule huniamkia kila asubuhi. Ananitafutia kiti. Ananimegea samaki wake. Nimwambie mbele ya Aboud kwamba hajui kazi? Aboud atamfukuza. Mimi mkono wangu umeshavunjika. Yeye naye avunjike kwa nini?"

"Basi Kibarani ndio watakaocheza."

"Basi watacheza," alisema Mzee Karisa, kwa sauti ileile ya kusema vizuri, mwalimu.

Nililia juu ya vikombe vile. Sikulia kwa huruma tu, nisijipambe. Nililia kwa aibu, kwa sababu kila "sawa" yake niliipokea kama sifa na kwenda nayo nyumbani nikamhadithia shangazi. Mtu alikuwa akitoa riziki yake na jina lake la miaka yote ili mimi nisisemwe vibaya na fundi wa redio. Na bado sikujua kosa liko wapi. Orodha yangu niliisoma tena na tena jioni ile kabla ya kufunga, nikaona imenyooka, haina hata herufi iliyopinda.

Asubuhi nilimngoja mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Mzee, leo nataka unikosoe." Akasema hakuna cha kukosoa, kazi ni nzuri. Nikamwambia, kwa Kigiriama changu kibovu, kwamba jana nilikuwa nasuuza vikombe. Alielewa mara moja. Akatazama vidole vya miguu yake, na nikaona nimemtia haya nisiyokusudia. Nilivua leso yangu ya mabegani nikakifunika kioo chote. Nikaichomoa hedifoni, nikachomeka spika kubwa, na ruhusa ya Bwana Aboud sikuiomba. "Leo hapana anayesoma," nikamwambia. "Bonyeza kimoja kimoja, uniambie wasikia nini."

Akabonyeza cha kwanza. Chumba kizima kikanguruma. "Vumi," akasema. Nikainua pembe ya leso nikachungulia: doa limeangukia Bismilla. Akabonyeza cha pili. "Msondo." Nikachungulia: Vumi. Cha tatu, "Chapuo," na kioo kinaniambia Msondo. Sikungoja cha nne. Nikakaa chini kwenye mkeka.

Bwana Aboud aliingia akipiga kelele kuhusu spika, bisibisi mkononi. Nikamwambia yote, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikijua kwamba namwambia mwisho wa kazi yangu. Alifunua leso, akatazama kioo, akamtazama mzee, akatazama kioo tena.

"Kwa hiyo wiki mbili hizi vumi laitwa Bismilla?"

"Naam."

"Na wewe mzee wangu, wasikia mambo yaharibika, wanyamaza?"

"Nilinyamaza," akasema Mzee Karisa. "Nilidhani labda mtambo wajua zaidi."

"Subhanallah!" alisema Bwana Aboud, kisha akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na trei mbili za mayai zikabanduka zikamwangukia. Sijawahi kufurahia kicheko cha mtu kama nilivyokifurahia kile. Hewa iliniingia kifuani kana kwamba feni imewashwa.

Ikabaki kufuta. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, kidole kikakataa. "Futa," alisema Bwana Aboud. Nikamwambia siwezi kulifuta jina la Mungu. Akasema basi atafuta yeye, akanyoosha kile kidole chake kimoja, akakishikilia hewani, akakirudisha. "Wewe ndiye uliyeandika," akanung'unika, na tukabaki tunatazamana, watu wazima wawili, na siku zimebaki tatu. Mzee Karisa aliuliza juu ya mstari ule kuna nini. Nikamwambia juu yake kuna mistari mingine, 35, 34, lakini haina milio, haina kazi. "Basi si mumpandishe," akasema. "Aliye mkuu hukaa juu." Tukaipandisha Bismilla kwenye 35, mahali palipokuwa kimya, na majina ya vumi na msondo na wenzao wote yakapanda ngazi moja yakakaa kwenye milio yao.

Siku tatu zile tuliirudia ngoma yote tangu mwanzo. Mchana mmoja stima ilipotea kabla hatujahifadhi kwenye diski, tukapoteza kazi ya asubuhi nzima, na hata hilo halikunivunja moyo, maana sasa nilichokiongeza kiliongezeka na nilichokipunguza kikapungua. Mzee bado alisema "sawa, mwalimu" kwa kila kitu. Tabia ya miaka hamsini haiachwi kwa siku moja. Lakini nilikuwa nimejifunza kutotazama mdomo wake. Nilitazama mguu wake wa kushoto. Ngoma ikikaa vizuri, kisigino kilipiga sakafu chenyewe. Ikikosea, kilisimama, hata kama mdomo unasema vizuri sana. Nilirekebisha kwa kufuata kile kisigino mpaka kikaenda bila kusimama.

Hotelini tulikwenda alasiri, kwenye uwanja wa saruji karibu na bwawa la kuogelea. Wachezaji walivaa hando zao, zile sketi za marinda mengi, Kadzo mbele. Vijana wawili wakakaa na ngoma zao kupiga juu ya kaseti. Bwana Aboud akasimama karibu na redio yake kubwa kama mzazi siku ya matokeo. Kundi la Kibarani lilikuwa limeshamaliza zamu yake, na vizuri kweli, na mpigaji wao alibaki kutazama. Mzee Karisa hakuwa na la kufanya. Kwa mara ya kwanza ngoma yake ingepigwa naye amesimama pembeni mkono umefungwa kifuani. Bwana Aboud akabonyeza. Vumi likaingia, msondo ukalifuata, wanawake wakaanza kutembea. Mimi sikuyatazama mabega yao, ambayo hutikiswa katika ngoma hii. Nilitazama miguu, nikihesabu, nikiomba. Chapuo likaita, na kabla mlio haujaisha visigino kumi na viwili vilikuwa vimegeuka kama kimoja, na Kadzo akapiga kigelegele ambacho hakikupangwa. Mzee Karisa aliketi ghafla kwenye ukingo wa bwawa. Nilimkimbilia nikidhani amezidiwa. Alikuwa analia na kucheka, na kisigino chake kinakwenda. Meneja wa hoteli aliwaambia waje wiki ya kwanza ya msimu. Yule mpigaji wa Kibarani akaja akampa mzee mkono wa kushoto, akamuuliza chapuo lile linapigwa na nani. "Mimi," alisema Mzee Karisa. Jioni ile shangazi alinitazama viatu, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu.

Jumatatu Mzee Karisa alikuja studio bila kuitwa, maana wachezaji walitaka ngoma ya pili. Nilisimama nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Alivua ndara, akaketi, akajivisha hedifoni kwa mkono wa kushoto, akaniashiria nimchezee ile ya hotelini. Aliisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho. Kisha akavua hedifoni akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Pale wanapogeuka mara ya pili," alisema, "upatu umeuweka mahali si pake. Umekosea."

"Wapi, mzee?"

"Hapo hapo. Na kayamba inaharakisha kama mtu aliyekimbiwa na basi. Na njuga sitaki hata kuzitaja."

Bwana Aboud aliusikia ukali ule, akaingiza kichwa akauliza kuna nini.

"Ananikosoa," nikamwambia, na machozi ya furaha yakanitoka nisiweze kuyazuia.

Mzee Karisa alingoja nimalize kujifuta. Kisha akasogeza kiti chake karibu na kioo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, tuanze upya."